Virusi Vimelala, Kinga Inachechemea

Mama yangu mdogo ana kadi tatu za kliniki. Anazitunza ndani ya mfuko wa plastiki uliowahi kubeba sukari, chini ya godoro, upande wa ukutani. Kadi ya kwanza imechakaa mpaka kingo zake zimelainika kama kitambaa. Wino wake wa bluu umefifia, lakini mstari mmoja bado unasomeka: Machi 2005, uzito kilo 37, CD4 38.

"Thelathini na nane," anasema, akiigusa kwa ukucha. "Daktari aliniuliza nimefikaje pale. Nikamwambia nimekuja kwa miguu. Akanitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena."

Mwaka ule alikuwa na miaka 43. Sasa anakaribia 64. Ana wajukuu sita, shamba la migomba na kahawa kwenye mteremko wa Kamachumu, wilayani Muleba, na kidonge kimoja anachokimeza kila usiku taarifa ya habari ya saa mbili inapoanza. Kila mwaka anapimwa wingi wa virusi katika damu, na kila mwaka jibu linarudi lile lile: havionekani.

Wengi wetu habari ya namna hii tungeifunga hapo. Aliugua, akapata dawa, akapona. Lakini kaa naye siku moja tu. Akipanda kutoka kisimani husimama mara tatu kuvuta pumzi. Usiku nyayo zake huwaka moto, naye huzitoa nje ya shuka. Na kadi yake ya tatu, ile mpya isiyo hata na mkunjo, haihusu VVU kabisa. Ni ya presha.

Tumezoea kusimulia UKIMWI kama habari ya kufa au kutokufa. Waliobaki hai wanajua kwamba kati ya hayo mawili kuna maisha marefu, na kwamba kinga iliyowahi kubomolewa hadi msingi hairudi kama ilivyoondoka.

Ugonjwa wenye jina la kitambaa

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage, huko huko Kamachumu. Wakati huo watu hawakuwa na jina la kuuita. Wakauita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikivushwa kutoka Uganda na wafanyabiashara wa magendo. Waliovivaa walipoanza kukonda na kufa, kitambaa kikalaumiwa. Ng'ambo ya mpaka, Rakai, wenzao waliuita Slim, kwa jinsi ulivyowakausha watu.

Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa. Utafiti uliofanywa Kagera mwaka 1987 ulikuta katika mji wa Bukoba watu wazima 24 kati ya kila 100 wana maambukizi. Mama mdogo hakumbuki asilimia. Anachokumbuka ni kwamba fundi seremala wa kijijini kwao aliacha kutengeneza vitanda, kwa sababu majeneza yalimmalizia muda wote.

Mume wake alizikwa mwaka 1998. Wakati huo dawa zilikwishajulikana: tangu 1996 madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakitumia dawa tatu kwa pamoja, na wagonjwa waliokuwa wakingoja kufa walikuwa wakirudi kazini. Bei yake ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Ilipofika mwaka 2001, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka, na mjadala mzima ukageuka. Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa kutoa dawa bure Oktoba 2004. Miezi mitano baadaye mama mdogo alitembea hadi kliniki.

Mpiga mbiu anapouawa

Pale kwenye mabenchi ya CTC, kliniki ya tiba na matunzo, utasikia watu wakiulizana: "Kinga zako ziko ngapi?" Wanachoulizana ni hesabu ya CD4, nayo ni namba inayofaa kueleweka vizuri.

Uchukulie mwili kama kijiji. Kipo kinachozuia mlangoni: ngozi, ute wa puani, tindikali ya tumboni. Wapo wanaopigana ana kwa ana na adui, na wapo mafundi wa silaha, yaani seli zinazotengeneza kingamwili. Lakini kijiji chenye mashujaa wengi hakisaidiki kama hakuna wa kupiga mbiu. Seli za CD4 ndizo wapiga mbiu. Zinatambua hatari, zinaamsha wengine, zinawaelekeza pa kwenda. Ubaya wa VVU ni kwamba havihangaiki na askari. Vinaingia ndani ya mpiga mbiu mwenyewe, vinamgeuza kuwa kiwanda cha kuzalisha virusi vingine, kisha anakufa.

Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, mwili unahesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Magonjwa nayo huingia kwa zamu inayokaribia kujulikana. Kifua kikuu na mkanda wa jeshi haviogopi kuja mapema, kinga ikiwa bado ina nguvu kiasi. Fangasi za mdomoni na kooni hufuata. Chini ya 200 huja nimonia ambayo mtu mwenye kinga nzima haipati. Chini ya 100 huja homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kriptokokasi, fangasi anayekaa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, ambaye sisi sote tunamvuta puani bila kudhurika. Haya ndiyo magonjwa nyemelezi. Yalikuwepo siku zote yakingoja mlinzi asinzie.

Mama mdogo alipita karibu ngazi zote. Mkanda wa jeshi ulimshika mwaka 2002, kuanzia kifuani hadi mgongoni, na jirani mmoja akasema kuna mtu kamtupia kitu. Mwaka 2004 fangasi zilimshika koo. "Hata uji wa ulezi ulipita kama mchanga," anasema. Namba 38 haikumshangaza sana. Ilimpa tu jina la jambo ambalo mwili wake ulishalijua.

Miezi ya mwanzo ndiyo mibaya

Mtu akishaanza dawa, ndugu hupumua. Hapo ndipo palikuwa na mtego. Katika kliniki za Afrika, vifo vingi vya watu walioanza dawa vilitokea katika miezi michache ya mwanzo, kwa sababu watu walifika wakiwa wamechelewa, magonjwa nyemelezi tayari yamejenga ndani.

Kuna jambo jingine lililowachanganya wengi. Dawa zikivifubaza virusi, kinga huamka. Ikiamka inakuta wavamizi ndani ya nyumba, nayo huwashambulia kwa fujo. Tezi huvimba, homa hupanda, kifua kikuu kilichojificha hujitokeza ghafla. Mgonjwa aliyekuwa anajikongoja analala kabisa, na mtaani inasemwa: dawa ndizo zilizommaliza. Kumbe ni mlinzi aliyeamka na kupigana gizani. Ndiyo sababu mgonjwa mwenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi hutibiwa kwanza fangasi, na dawa za VVU husubiri wiki nne hadi sita.

Mmoja wa tafiti zilizoonyesha namna ya kuvuka kipindi hiki ulifanyika Dar es Salaam. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wakiongozwa na Dkt. Sayoki Mfinanga, walishirikiana na wenzao wa Lusaka, Zambia, na wa Uingereza. Waliwafuatilia watu 1,999 ambao CD4 zao zilikuwa chini ya 200 na walikuwa hawajawahi kutumia dawa. Nusu walipata huduma ya kawaida ya kliniki. Nusu nyingine waliongezewa mambo mawili: kipimo cha damu cha kumtafuta yule fangasi wa kriptokokasi kabla hajaleta dalili, na mhudumu wa jamii aliyewatembelea nyumbani kila wiki kwa wiki nne za mwanzo. Mhudumu huyo hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mtu aliyepewa mafunzo mafupi. Alipeleka dawa, akauliza hali, akatazama kama vidonge vinamezwa.

Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa wamekufa watu 180, sawa na asilimia 18. Katika kundi lililotembelewa walikuwa 134, asilimia 13. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet: vifo vilipungua kwa asilimia 28. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine ya mabilioni. Kilichoongezwa ni kipimo kimoja cha bei nafuu na mtu wa kupiga hodi.

Mwaka 2005 mama mdogo hakupata kipimo hicho. Hodi aliipata. Jirani yake, muuguzi mstaafu, alikuja kila jioni na chupa ya uji, akakaa kwenye kigoda mpaka aone kidonge kimepita kooni. "Hakunihubiria," mama mdogo anasema. "Alikuwa anazungumzia kahawa, bei ya kahawa tu. Akiona nimemeza, anaaga."

Namba inapanda, kisha inagoma

Septemba 2005 kadi inaonyesha 112. Mwaka uliofuata 196. Mwaka 2008, 341.

Ukizichora namba hizo utaona kilima kinachoanza kwa kasi kisha kinalala. Ndivyo kinga inavyorudi kwa wengi. Miezi ya mwanzo CD4 zilizokuwa zimejibanza kwenye tezi hurudi kwenye mzunguko wa damu, na mauaji yanakoma, kwa hiyo hesabu hupanda haraka. Baada ya hapo mwili lazima uzalishe seli mpya kabisa, na chuo kinachozifundisha ni kiungo kidogo nyuma ya mfupa wa kifua, kiitwacho thaimasi. Kiungo hicho hunywea kadiri umri unavyokwenda. Kijana wa miaka 20 bado anacho kikubwa. Mtu wa miaka 43 amebakiza kidogo. Ndiyo maana wawili wanaweza kumeza kidonge kile kile, virusi vikafubaa kwa wote, mmoja akafika CD4 800 na mwingine akakwama kwenye 400. Walioanza chini kabisa ndio hukwama zaidi. Namba ya mama mdogo haijawahi kuvuka 460.

Kisha ukurasa wa 2009 una nafasi tupu. Kwa miezi saba hakuna kilichoandikwa.

Anaisimulia bila kujitetea. Alikuja mhubiri mmoja, jina lake hataki niliandike. Akawaombea wagonjwa, akawaambia waliopona waache kumeza mauti. Mama mdogo alikuwa amenona, anafanya kazi shambani, hana hata kikohozi. Akavitupa vidonge chooni. Alirudishwa kliniki mwaka 2010 akiwa amebebwa kwenye machela, CD4 120, akikohoa damu ya kifua kikuu.

Miaka mitatu kabla hajavitupa vidonge, dunia ya sayansi ilikuwa imekwishajiuliza swali hilo hilo kwa namna yake: je, mtu ambaye kinga imepanda anaweza kupumzika dawa? Utafiti ulioitwa SMART uliandikisha watu 5,472 katika nchi 33. Nusu waliendelea na dawa bila kukatisha. Nusu waliacha CD4 zikiwa juu ya 350, na kurudia zikishuka chini ya 250. Januari 2006 uandikishaji ulisimamishwa kabla ya wakati: waliokuwa wakipumzika walikuwa wakipata magonjwa nyemelezi au kufa mara 2.6 zaidi ya wenzao.

Sababu ni kwamba dawa huzuia virusi kuzaliana; haziwezi kuvifikia vilivyolala. Katika siku za mwanzo kabisa za maambukizi, virusi hujificha ndani ya seli za kumbukumbu, zile zinazotunza habari za magonjwa ya zamani, na kulala humo miaka na miaka. Ukikatisha dawa, katika wiki chache vinaamka.

"Virusi vimelala, mwanangu," mama mdogo anasema. "Mimi ndiye niliyeviamsha."

Kifua kikuu kilitibiwa kikaisha. Makovu yake kwenye mapafu hayakuisha. Ndiyo yale mapumziko matatu kwenye njia ya kisimani.

Mbiu isiyonyamaza

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika mwili wa mtu mwenye VVU mbiu hulia hata pasipo na jambo la kuonekana.

Chanzo kimoja kipo tumboni. CD4 nyingi za mwili hazikai kwenye damu, zinakaa kwenye ukuta wa utumbo, na VVU huziangamiza huko ndani ya wiki chache tu za mwanzo, kabla mtu hajajua kama ameambukizwa. Ukuta ukidhoofika, vipande vya bakteria huvuja na kuingia kwenye damu kidogo kidogo. Kinga hushtuka. Dawa husaidia sana, lakini ukuta haurudi wote. Mwili unabaki katika hali ya tahadhari ndogo isiyokwisha, ambayo madaktari huiita uvimbe wa ndani. Hauumi. Lakini mwaka baada ya mwaka unakwangua mishipa ya moyo, figo na mifupa.

Hilo nalo lilijitokeza kwenye SMART, na liliwashangaza hata watafiti. Walioacha dawa hawakuuawa na magonjwa nyemelezi peke yake. Magonjwa ya moyo, figo na ini yaliongezeka pia. Mwaka 2015 utafiti mwingine, START, uliofuatilia watu 4,685 ambao CD4 zao zilikuwa bado juu ya 500, ulionyesha kuwa kuanza dawa mara moja badala ya kungoja kinga ishuke kunapunguza magonjwa makubwa na vifo kwa asilimia 57. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayekutwa na VVU aanzishiwe dawa bila kuangalia CD4, na Tanzania ikaanza kufanya hivyo 2016. Anayepimwa leo na kuanza wiki hii anapewa nafasi ambayo mama mdogo hakuwa nayo: dawa zinaanza kazi kabla kijiji hakijaungua.

Walioanza zamani wana makovu mengine pia, ya dawa zenyewe. Kidonge alichoanzia mama mdogo kilikuwa na stavudini ndani yake. Kiliokoa mamilioni ya watu, na hilo lisisahauliwe. Lakini kiliunguza neva za miguu, kikayanyonya mashavu na kuhamishia mafuta tumboni na shingoni, mpaka watu wakawa wanatambulika mtaani kwa sura. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane nacho. Baadaye alihamishiwa kidonge kimoja cha usiku kilichompa ndoto za kutisha. Tangu 2019 anatumia chenye dolutegravi ndani yake, ambacho hufubaza virusi haraka na hakizoeleki kirahisi na virusi. Sasa analala vizuri. Nyayo tu ndizo hazijasahau.

Kadi tatu, safari tatu

Mwaka 2011 watafiti waliokuwa wakifuatilia wagonjwa nchini Uganda walichapisha hesabu iliyoonekana kama ndoto kwa wakati ule: mtu aliyeko kwenye dawa akiwa na miaka 35 angeweza kutarajia kuishi wastani wa miaka mingine 28 hivi. Wanawake walikuwa na nafasi kubwa kuliko wanaume. Ukikaa kwenye benchi la CTC asubuhi utaona moja ya sababu: wanaume ni wachache, na wengi wa wanaokuja huja wakiwa wamebebwa.

Miaka hiyo tunaiona sasa. Kizazi kilichoanza dawa 2004 na 2005 kinaingia uzeeni, na uzee unakuja na mzigo wake: presha, kisukari, moyo, saratani. Mtu aliyenusurika na kriptokokasi anaweza kuangushwa na kiharusi sebuleni.

Mama mdogo aligunduliwa presha kwa bahati, alipomsindikiza mjukuu zahanati. Mashine ilikuwa mezani, muuguzi akampima kama utani. Ilisoma 178 kwa 104. Kwa miaka mingi alikuwa amehudhuria kliniki ya VVU bila kukosa, damu yake ikapimwa virusi kila mwaka, na hakuna aliyekuwa amemfunga mkono kumpima presha. Sasa ana tarehe mbili katika mwezi mmoja, madirisha mawili, na nauli mbili za pikipiki. Dawa za VVU ni bure. Za presha, mara nyingi, anaambiwa akanunue.

Jambo hili lina dawa, na limejaribiwa hapa hapa. Katika utafiti uliofanyika kwenye vituo 32 vya Dar es Salaam na Kampala, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2023, watu wenye VVU, wenye kisukari na wenye presha walihudumiwa kwenye kliniki moja: chumba kimoja cha kungojea, faili za namna moja, wahudumu wale wale. Wenye presha na kisukari walibaki kwenye huduma vizuri, na wenye VVU hawakupoteza chochote. Virusi vyao viliendelea kufubaa kama kawaida. Kukaa benchi moja kuna faida nyingine isiyohitaji kipimo. Hakuna anayejua nani kaja kwa lipi.

Yapo mengine ambayo aliyenusurika anastahili kuyauliza bila kuyasahau. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara sita zaidi ya asiye na VVU, na uchunguzi wa kupaka siki huchukua dakika chache. Kifua kikuu bado ndicho kinachoongoza kuwaua watu wenye VVU duniani, na zipo dozi za kukizuia. Mojawapo humezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12 tu. Mwaka 2023 utafiti wa nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, uliwaandikisha watu 7,769 wenye VVU, nusu yao wakapewa dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, pitavastatini, na matatizo makubwa ya moyo yakapungua kwao kwa asilimia 35, ingawa watu hao hawakuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa wa moyo. Na sigara. Mtu aliyefubaza virusi akaendelea kuvuta amefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Kuhusu lile ambalo vijana huuliza kwa sauti ya chini: ndiyo, mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo na anaendelea kumeza dawa hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Kwa mama mdogo, aliyekaa miaka akiogopa hata kuchangia kikombe na wajukuu, habari ya namna hiyo ilikuja kama kufunguliwa kamba, ijapokuwa kikombe hakijawahi kumwambukiza mtu.

Mlango wa jirani

Utafiti wa taifa wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 wanajua hali zao. Kati ya wanaojua, asilimia 97.9 wako kwenye dawa. Na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 wamefubaza virusi. Kwa nchi iliyoanza na majeneza, ni kazi kubwa. Lakini ni kazi inayosimama juu ya watu wengi wadogo: wanaopiga simu, wanaotafuta watoro wa dawa, wanaoandika tarehe. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, katika nchi nyingi za Afrika waliotangulia kuambiwa wabaki nyumbani walikuwa hao. Vidonge viliendelea kuwepo kwenye makabati mengi. Wa kupiga hodi ndio waliopungua. Kwenye kliniki ya mama mdogo dada aliyekuwa akiwafuatilia waliokosa tarehe hakuonekana tena.

Jioni ya siku niliyokuwa kwake, saa kumi na moja hivi, alitoa ule mfuko wa plastiki chini ya godoro, akachomoa kadi ya kwanza peke yake, akaitia kwenye pindo la khanga. Akaniambia nimsindikize mpaka njia panda, nisivuke hapo.

Tulipanda polepole. Kwenye mwarobaini akasimama, akavuta pumzi. Kwenye kona ya shule akasimama tena. Njia panda akaniachia fimbo yake niishike, akanyoosha khanga, akashika njia ya kushoto katikati ya migomba. Hakuniambia ni nyumba ya nani, nami sikuuliza.

Alikaa karibu saa nzima. Aliporudi giza lilikuwa limeanza kushika, na kadi ilikuwa bado kwenye pindo.

"Amemeza?" nikamuuliza.

"Leo tumezungumza kahawa," akasema, akachukua fimbo yake. "Nitarudi kesho."